Vocha ya Mjomba

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalitangazwa Februari 2013, na nchi nzima ikashika kichwa. Katika kila watahiniwa kumi, sita walikuwa wamepata divisheni ziro. Bungeni wakazozana, Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, na mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo yale ili madaraja yapangwe upya kwa utaratibu wa zamani. Mimi nilikuwa mmoja wa wale sita. Baada ya kupangwa upya nikapanda hadi divisheni foo, mama akachinja kuku, lakini foo yenyewe ilikuwa ya kuning'inia. Kidato cha tano hakikunihusu, na chuo cha maana hakikunitaka. Kiingereza nilikuwa na F. Hilo naomba msomaji alishike, maana karibu kila nilichokuja kujifunza baadaye kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza.

Leo natengeneza tovuti na kuzikarabati. Naishi Ufukoni, Manispaa ya Mtwara Mikindani, na vijana wanaokuja kukaa kwenye benchi langu wakiangalia kioo huuliza jambo moja: dada, ulisomea wapi? Jibu ni refu kuliko wanavyotaka.

Mtwara ya mwaka ule haikuwa na utulivu wa kumwezesha mtu kukaa na kufikiria maisha. Gesi ya Mnazi Bay ilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Kodi za nyumba zilipanda kwa sababu ya wageni, na hasira zilipanda kwa sababu ya bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam. Tarehe 22 Mei, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni Dodoma, mji uliwaka moto. Matairi yalichomwa barabarani, watu walikufa, wanajeshi wakaja. Sisi tulijifungia ndani tukila muhogo wa juzi. Nilikuwa na cheti cha foo kwenye mfuko wa nailoni, na kichwani hamna mpango hata mmoja.

Mji ulipopoa, mjomba alinitafutia kazi. Kwa watu wasiotujua sisi Wamakonde niseme kwamba mjomba, kaka yake mama, si ndugu wa kumtembelea sikukuu tu. Neno lake katika nyumba ya dada yake lina uzito kuliko la baba. Mjomba wangu ni mvuvi wa Msimbati, hajakaa darasani kwa muda wa kujivunia, lakini alimjua mama mmoja mwenye steshenari mjini. Akaenda kuzungumza naye, akarudi na jibu: nianze Jumatatu, mshahara tutaelewana mbele ya safari. Mshahara tulikuja kuelewana baada ya muda mrefu sana.

Anayeijua steshenari ya mkoani anajua kwamba karatasi na kalamu ndivyo vitu vinavyouzwa kidogo kuliko vyote. Kazi ni kutoa kopi, kulamineti vitambulisho, kuchapa barua za maombi, na zaidi ya yote kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Wazazi wanatoka Nanyamba na Kitaya na bahasha za vyeti wakitaka kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA. Vijana waliofaulu wanataka kuomba mkopo Bodi ya Mikopo. Nilikaa pale nikiwajazia mikopo ya chuo watu niliosoma nao darasa moja. Hakuna aliyenicheka usoni. Ila kuna mmoja aliniambia, kwa nia njema kabisa, "Wewe afadhali, umeshapata kazi ya kukaa kivulini."

Udadisi ulinianzia hapo kwenye fomu. Siku za mwisho wa maombi, kurasa zilikuwa zinagoma. Mtu amejaza kila kitu, anabonyeza kutuma, ukurasa unarudi mtupu, na nyuma yake foleni imefika barazani. Wateja walinilaumu mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa na sura. Siku moja nilibofya kitufe cha kulia cha mausi nikachagua kuangalia msimbo wa ukurasa. Yakamwagika maandishi. Sikuelewa kitu, ila niliona jambo moja lililonishtua: majina ya vile visanduku nilivyokuwa najaza kila siku yalikuwa pale, yameandikwa na mtu. Nilikuwa nachukulia mtandao kama mvua, unakuja ulivyo na unaondoka unavyotaka. Kumbe kuna fundi, amekaa mahali, ameandika kwamba namba ya simu isizidi tarakimu kumi.

Nikaanza kujifunza HTML, lugha ya kuandikia kurasa hizo. Masomo ya bure yalikuwepo, W3Schools kwa mfano, lakini intaneti ya steshenari ilikuwa ya wateja na tajiri wangu alikuwa anahesabu bando kwa jicho kali. Ilibidi nifike mapema kabla ya foleni, nifungue kurasa za masomo, nizihifadhi moja moja kwenye flashi, kisha nisome mchana mteja asipokuwepo. Baadaye nikagundua bando la usiku kwenye simu, lile la bei ya karanga linaloanza watu wakishalala. Nikawa mtu wa saa nane za usiku. Jirani mmoja akamwambia mama kwamba binti yake ana wanaume wa mtandaoni. Mama alinitazama siku mbili hivi, kisha akaja kukaa kitandani kwangu usiku, akaangalia kioo kilichojaa mabano na alama, akasema kama huyo ndiye mwanaume basi ana sura mbaya sana, akaenda kulala.

Na Kiingereza je? Sikukisoma upya kwa sarufi. Nilikisoma kwa amri. Kila somo lilikuwa na mfano, na mfano ulikuwa unafanya kazi au haufanyi. Ukikosea kusoma sentensi, ukurasa unakuonyesha palepale. Darasani nilikuwa naandika insha, inarudi baada ya wiki mbili na alama nyekundu isiyo na maelezo. Hapa jibu lilikuja kwa sekunde, na halikuwa na kejeli. Mimi naamini, na walimu wataniwia radhi, kwamba wengi wetu wa ule mwaka wa 2012 hatukuwa wajinga wa kiwango kile. Tulikosa mahali pa kujaribu jambo, likakataa, tukajaribu tena bila kuaibishwa.

Umeme ulikuwa sura nyingine. Mikoa yetu ya kusini haikuwa kwenye gridi ya taifa. Umeme wetu ulitoka kwenye mitambo ya gesi ya hapa hapa Mtwara, na mitambo ikichoka, mji mzima unachoka nayo. Umeme ukikatika niliandika msimbo kwenye simu, kwa dole gumba, kwenye programu ndogo ya maandishi. Kufunga na kufungua mabano kwa dole gumba kunakufundisha ufupi. Mpaka leo msimbo wangu ni mfupi, na wenzangu wa Dar wanadhani ni falsafa.

Kazi ya kwanza ya kulipwa haikuwa ya kutengeneza. Mwenye nyumba moja ya wageni kule Mikindani alikuja kutoa kopi, akalalamika kwamba ana tovuti iliyotengenezwa kwa pesa nyingi na kampuni ya mbali, na sasa hata kubadilisha bei ya chumba lazima awapigie simu, nao hawapokei. Nikamwambia niachie neno la siri. Sijui nilipata wapi ule ujasiri. Nikabadilisha bei kwa dakika chache. Ilikuwa tovuti ya kupendeza kwelikweli: picha zinateleza zenyewe, menyu inashuka kwa madaha, maji ya ghuba yanang'aa. Nikaiona kwenye kompyuta ya steshenari nikasema hawa ndio mafundi, mimi natania.

Wikiendi ile nilikwenda Msimbati. Mjomba alikuwa amekaa kwenye mkeka anashona nyavu.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mpwa wangu. Mama yako anasema siku hizi unalipwa kwa kuandika usiku."

Nikamwambia afungue kwenye simu yake aone. Alikuwa na simu ya batani yenye Opera Mini, ambayo enzi zile ndiyo ilikuwa intaneti ya nusu ya pwani hii. Ukurasa ukaja, lakini menyu ikagoma kushuka. Akabonyeza, akabonyeza tena. Nikamwambia ajaribu kivinjari kingine kilichokuja na simu. Mstari wa kupakia ukatembea, ukatembea, ukasimama njiani. Kisha ukaja ujumbe mfupi: salio lako halitoshi.

"Mpwa wangu," akasema, "hiyo nyumba ya wageni imenitoza kabla sijalala."

Nilirudi mjini na swali ambalo hakuna somo kwenye flashi yangu lililokuwa limelijibu. Nikatafuta mpaka nikaelewa. Opera Mini haileti ukurasa wenyewe kwenye simu. Ombi linakwenda kwanza kwenye seva za kampuni, ukurasa unafunguliwa huko, unabanwa, kisha simu inaletewa umbo lake lililopunguzwa. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kwa bando. Lakini JavaScript nayo inaendeshwa huko huko kwa muda mfupi tu, halafu inasimamishwa, kwa hiyo menyu inayotegemea kubofya-na-kushuka inakufa njiani. Kile kivinjari kingine nacho kilikuwa kinaleta kila kitu bila huruma. Nikapima picha za ile tovuti. Zilikuwa zimetoka kwenye kamera na kupandishwa zilivyo, nyingine zikizidi megabaiti nne kila moja, kisha ukurasa unazionyesha ndogo kama kiganja. Aliyeitengeneza tovuti ile alikuwa na waya wa intaneti ofisini, na hakuwa na mjomba Msimbati.

Niliomba ruhusa ya kuirekebisha. Nikapunguza picha zote hadi chini ya kilobaiti mia. Menyu nikaifanya viungo vya kawaida, vilivyopangwa juu ya ukurasa, visivyohitaji kushuka popote. Namba ya simu nikaiweka mwanzo kabisa, kwa sababu huku kwetu mtu hajazi fomu ya kuomba chumba, anapiga. Nikajifunza pia kuufanya ukurasa ujikunje kulingana na upana wa kioo, mbinu ambayo Mmarekani Ethan Marcotte aliiandikia makala mwaka 2010 na kuipa jina linalotumika duniani kote. Mimi niliikuta miaka kadhaa baadaye, usiku, bando likiwa linakata. Tangu siku hiyo sikabidhi kazi kwa mteja kabla haijafunguka kwenye simu mbovu kuliko zote ninazoweza kuazima, na kila ukurasa naujua uzito wake kama mama anavyojua kilo za mtoto wake kliniki. Mwenye nyumba ya wageni alilalamika kwamba maji ya ghuba hayang'ai tena kama zamani. Wiki iliyofuata simu zilianza kuita, akaacha kulalamika.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa mdomo wa watu. Shule, mwenye malori, mtu wa mabati. Tatizo la kudumu lilikuwa kulipia seva za nje bila kadi ya benki inayokubalika mtandaoni. Nilikuwa namtumia kijana mmoja Dar pesa kwa simu, yeye analipa kwa kadi yake na kukata cha juu, na cha juu chake kilikuwa kinakua mwaka hadi mwaka. Siku hizi kadi za mtandaoni za pesa za simu zimemwondoa kazini. Simlilii.

Mwaka 2017 tulipumua. Korosho ilipanda, kilo moja mnadani ikavuka shilingi 3,500, na pesa ya korosho huku kwetu haikai kwa mkulima peke yake. Inapita kwa fundi ujenzi, kwa muuza bati, kwa mwenye bajaji, kwa wapiga ngoma za unyago na jando, na safari hiyo ikafika hadi kwangu. Niliacha steshenari nikapanga fremu yangu. Nikiwa na rafiki yangu mmoja tulianzisha kiukurasa cha bei za minada: makarani wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, tuliowafahamu walitupigia mara tu bei inapofunguliwa, sisi tunaiandika. Herufi tupu, hakuna picha. Kilifunguka hata kwa mjomba.

Halafu ukaja mwaka 2018, na kama haya ni ushuhuda, huo ndio mwaka ninaoushuhudia.

Mwezi Machi zilitoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Mwenye kuchapisha habari mtandaoni alitakiwa awe na leseni, na ada zote ukizijumlisha zilipita shilingi milioni mbili. Kiukurasa chetu hakikuwa kinaingiza hata laki. Je, bei ya korosho ni maudhui? Tuliuliza, na kila tuliyemuuliza alitupa jibu lake. Mashirika ya haki za binadamu na wadau wa habari walifungua kesi, na waliifungua hapa hapa, Mahakama Kuu Mtwara. Tarehe 4 Mei kanuni zikasimamishwa kwa muda, tukashangilia. Kabla mwezi haujaisha, shauri likatupwa. Juni hata JamiiForums, yenye wasomaji nchi nzima, ilizima kwa muda. Sisi ni nani? Tulikizima chetu usiku huohuo, na simu za wakulima wakiuliza bei ziliendelea kuita kwa majuma.

Oktoba minada ikafunguliwa, na wanunuzi wakaja na bei ambazo wakulima walizikataa. Wakakunja mikono, korosho ikabaki maghalani. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litaibeba. Tulisikia redioni, watu wakapiga vigelegele, na kusema kweli na mimi nilipiga. Lakini malipo yalitanguliwa na uhakiki: shamba lako liko wapi, mikorosho mingapi, au wewe ni mtu wa kangomba uliyewanunulia wenzako kwa bakuli wakati wa njaa? Uhakiki ukaenda polepole. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukaingia, na huko vijijini watu wengi walikuwa bado wanasubiri.

Mteja wangu mkubwa wakati huo alikuwa mfanyabiashara wa pembejeo. Alikuwa amewakopesha wakulima salfa na mabomba ya kupulizia kwa ahadi ya msimu. Mimi nilikuwa nimemtengenezea tovuti yenye daftari la oda, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya, kwa ahadi yake ya msimu. Mwenye fremu naye alikuwa ananivumilia kwa ahadi yangu ya msimu. Unaona mnyororo ulivyo. Ulipokatika kule juu, pete za chini zilianguka moja baada ya nyingine, na hapakuwa na mtu wa kumkasirikia aliye karibu. Mzee wa pembejeo alikuwa ananipita barabarani akiangalia upande wa pili, na mimi nilikuwa nampita mwenye fremu hivyohivyo.

Februari nilifunga fremu. Nikarudi kwa tajiri wangu wa zamani, nikakaa kwenye kiti kilekile, nikaanza kutoa kopi. Waliowahi kuniita mkurugenzi kwa utani waliendelea kuniita hivyo, na utani ukawa na mfupa. Nilikuwa na mtoto mchanga kipindi hicho. Baba yake alikuwa ameenda kutafuta Dar, na huko alijipata mwenyewe, akatulia. Kuna usiku nilikuwa nanyonyesha kwa mkono mmoja na kufungua kurasa za matangazo ya kazi kwa mwingine, na kila tangazo lilianza na shahada.

Sikuwa na wateja, lakini nilikuwa na madaftari ya bei za minada, misimu miwili, chama kwa chama. Kwa kuwa sikuweza kuyachapisha, niliamua kuyatumia kama shamba darasa. Nikajifunza PHP na MySQL kwa kuyaingiza kwenye hifadhidata iliyokaa kwenye kompyuta ya steshenari na isiyoonekana na mtu mwingine duniani. Masomo ya kawaida hukupa mfano wa duka la vitabu la kubuni, na ukikosea hujui kama umekosea, maana vitabu vyenyewe havipo. Mimi nilijua bei ya mnada wa Tandahimba kwa kichwa. Swali likirudisha jibu la ajabu, nilijua ni swali langu limepinda. Nadhani miezi ile ya kutokuwa na kazi ndiyo ilinipandisha daraja kuliko miaka ya kuwa na kazi, na sisemi hivyo ili mtu yeyote atamani kukosa kazi. Maziwa ya mtoto yalinunuliwa na mama, kwa pesa ya vitumbua.

Aprili 2019 kikaja Kimbunga Kenneth. Tarehe 25 ofisi na shule zilifungwa, wa mabondeni wakaambiwa wahame. Mimi nilitoka na mtoto mgongoni na hadidiski kifuani, imefungwa kwa nailoni chini ya kanga. Kimbunga kikaangukia Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado ikaumia vibaya, sisi tukabaki na upepo. Niliporudi nyumbani nilijifunza Git, zana ya kutunza msimbo na nakala zake mahali pengine, juma lilelile. Kubeba kazi ya watu kifuani si mpango.

Mlango ulifunguka kwa njia ambayo sikuitafuta vizuri. Kampuni moja ndogo ya Dar ilitangaza kwamba inatafuta mtu wa kukarabati tovuti za wateja wake. Walitaka cheti. Sikutuma cheti. Nilichukua tovuti mojawapo waliyojivunia kwenye orodha yao, nikapima uzito wa ukurasa wa mbele, nikatengeneza upya ukurasa huo peke yake, nikawatumia vyote viwili pamoja na video fupi ya simu ya batani ikifungua wa kwanza na kushindwa, kisha wa pili. Simu ilikuwa ya mjomba. Nikaandika: mteja wenu anauza bima kwa wavuvi, huyu ni mvuvi. Walinijibu kesho yake. Tulianza na kazi ndogo, wakinilipa kwa simu, na mpaka leo hawajawahi kuniuliza divisheni.

Walinifundisha mengi ambayo upweke haufundishi. Kusoma msimbo wa mtu mwingine bila kumtukana. Kueleza kwa maandishi ulichobadilisha na kwa nini. Kukataa kazi kwa heshima. Na mkataba. Nilikuwa nimekaa miaka yote bila karatasi, kwa sababu huku tunajuana, na kumwomba mtu mzima asaini ni kama kumwambia humwamini. Kule Dar waliniuliza, ukishajua kwamba mteja wako anategemea msimu, kwa nini mkataba wako usijue? Tukauandika: nusu kabla ya kuanza, inayobaki kwa awamu zinazofuata minada, na kukiwa na msimu uliosimama, kazi nayo inasimama, hakuna anayemkimbia mwenzake barabarani.

Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikawa ya kunyonyea mrija. Zile tovuti nilizokuwa nimezihamishia kwenye seva za ndani ya nchi ziliendelea kufunguka hapa, maana njia yake haikulazimika kuvuka bahari. Zilizobaki Ulaya zikalala. Mwenye nyumba ya wageni wa Mikindani, ambaye alikuwa amenigomea kuhama kwa sababu seva za ndani hazina sifa, alinipigia alfajiri. Nilimhamisha kwa bando lililokuwa linatambaa, faili moja moja, na ingekuwa bado na zile picha za megabaiti nne tungekuwa tunahama mpaka leo.

Oktoba mwaka huohuo minada ya korosho ikaanza kuendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Wanunuzi wanaweka bei zao kwenye mfumo, mkulima anaambiwa matokeo palepale mnadani, aamue kuuza au kukataa. Makarani wa vyama, wale wale waliokuwa wananipigia simu, wakaanza kuja kwangu na maswali ya vivinjari na maneno ya siri. Na siku moja, nikiwa nimeinama juu ya simu ya karani, nikasikia mtu anabisha hodi kwa sauti niliyoifahamu.

Mzee wa pembejeo alikaa kwenye benchi la wanafunzi wangu, akatoa kofia. Alitaka tovuti mpya. Wakulima wake sasa wanataka kuona madeni yao ya salfa kwenye simu kabla ya mnada, si baada.

"Inawezekana, Mzee," nikamwambia. "Nusu inatangulia."

Akaisoma karatasi yote, polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika mwisho akaguna.

"Na lile la 2018, binti yangu, tunaliandika wapi?"

"Kifungu cha saba."

Akarudi nyuma, akakitafuta, akakisoma mara mbili. Akaomba kalamu. Awamu ya kwanza iliingia jioni ileile. Ya pili, kama karatasi inavyosema, inasubiri mnada.